Heri Asomaye: Mwongozo Kamili wa Kusoma, Kusikia na Kuyashika Maneno ya Ufunuo

Wengi wetu huanza kitabu cha Ufunuo kwa hamu, tukafika sura ya 6, farasi wanne wakatutoa mbio, tukafunga kitabu. Wengine hukaa nacho miaka nenda miaka rudi wakihesabu vichwa na pembe. Mimi nimepita kote kuwili. Kwanza nilikiogopa. Baadaye nikakigeuza hesabu: nilikuwa na karatasi ndefu niliyoibandika ukutani, yenye mishale ya rangi tatu, na mgeni aliyekosea akakaa karibu nayo alikuwa hatoki mapema. Kilichoniondoa huko ni mstari wa tatu wa kitabu chenyewe, ambao siku zote nilikuwa nauruka nikiwahi kwa wanyama:

"Heri asomaye na wao wayasikiao maneno ya unabii huu, na kuyashika yaliyoandikwa humo, kwa maana wakati u karibu" (Ufunuo 1:3).

Haikuandikwa heri afumbuaye. Heri imefungwa kwenye vitenzi vitatu, kusoma, kusikia na kushika, na vyote mtu wa kawaida anaviweza, hata asiyejua herufi anaviweza viwili. Mwongozo huu ni wa kuvifanya kwa vitendo, uwe peke yako, nyumbani na jamaa zako, au katika kikundi kidogo. Maneno ninayonukuu ni ya Union Version ya mwaka 1952, kwa kuwa ndiyo wengi tuliyoizoea masikioni. Ukikwazwa na Kiswahili chake cha zamani, weka tafsiri nyepesi pembeni.

Kwanza, utazame mstari wenyewe kwa karibu

Asomaye ni mmoja. Wayasikiao ni wengi. Hilo peke yake linaeleza mengi. Katika karne ya 1 kila kitabu kilinakiliwa kwa mkono na waliojua kusoma walikuwa wachache, kwa hiyo waraka ukifika, mmoja alisimama akasoma na wengine wakatega sikio. Paulo anawaagiza Wakolosai waraka wao ukiisha kusomwa kwao, usomwe na katika kanisa la Walaodikia (Wakolosai 4:16). Yohana naye, akiwa kisiwani Patmo, anaandikia makanisa saba ya Asia, eneo ambalo leo ni magharibi ya Uturuki: Efeso, Smirna, Pergamo, Thiatira, Sardi, Filadelfia na Laodikia. Anajua fika kwamba maneno yake yatapita kinywani mwa mtu kabla hayajafika masikioni mwa kanisa. Kitabu hiki kilitungwa kisikike.

Halafu tazama sarufi. Mstari unasema "wao wayasikiao... na kuyashika". Hilo "kuyashika" limepanda mgongoni mwa "wayasikiao"; halina watu wake pembeni. Kiyunani nacho ndivyo kilivyo: wasikiao na washikao ni watu walewale, wamefungwa pamoja. Hakuna kundi la wasikilizaji na kundi jingine la watendaji.

Kiswahili hapa kimetupa zawadi. Mama akisema "huyu mtoto hasikii", hazungumzii ugonjwa wa masikio. Na tukisema mtu "ameshika dini", tunazungumzia anavyoishi kila siku. Neno la Kiyunani lililo nyuma ya "kushika" lina maana pia ya kulinda, kama mlinzi anavyolinda kitu alichokabidhiwa. Katika barua kwa Filadelfia neno hilohilo limetumika mara mbili ndani ya sentensi moja, na watafsiri wetu wakaligawa: "Kwa kuwa umelishika neno la subira yangu, mimi nami nitakulinda" (3:10). Ni kitenzi kimoja. Wao wamelilinda neno, naye anawalinda wao.

Heri hii ya 1:3 ni ya kwanza kati ya saba zilizotawanyika kitabuni. Nyingine ziko 14:13, 16:15, 19:9, 20:6, 22:7 na 22:14. Ziandike kwenye jalada la daftari lako. Ile ya 22:7 inarudia karibu neno kwa neno jambo la 1:3, kuhusu kuyashika maneno ya unabii wa kitabu hiki, kana kwamba mlango wa kuingilia na wa kutokea vimeandikwa tangazo moja.

Hatua ya 1: Mpate msomaji, naye ajiandae

Kama mko wawili au zaidi, chagueni mmoja wa kusoma kwa kikao kizima. Ile desturi ya kuzungusha, kila mtu mstari mmoja, mimi siipendi kwa kitabu hiki. Kila mtu anakuwa anatafuta zamu yake badala ya kusikiliza, na njozi inakatwa vipande kama samaki sokoni.

Msomaji asome sehemu yake nyumbani mara mbili kwa sauti kabla ya siku yenyewe. Kuna majina yanayomkwaza hata mwalimu: Abadoni na Apolioni (9:11), Har–Magedoni (16:16), na yale mawe ya msingi katika 21:19-20, kalkedoni, sardoniki, krisopraso na wenzake. Ukijikwaa pale, wasikilizaji wanacheka, na Yerusalemu mpya inapita hawajaiona. Mungu alimwambia Habakuki aiandike njozi iwe wazi sana, "ili aisomaye apate kusoma kama maji" (Habakuki 2:2). Hicho ndicho kipimo cha msomaji.

Mambo machache ya kuzingatia ukiwa msomaji. Usiigize sauti ya joka. Soma kwa sauti ya kawaida, polepole kuliko unavyodhani inafaa, na uheshimu vituo. Ukifika 8:1, panaposema kukawa kimya mbinguni kama muda wa nusu saa, nyamaza. Nusu dakika tu inatosha. Mara ya kwanza watu watadhani umepotea mstari. Mara ya pili wataelewa. Na kila unapofika kwenye "Yeye aliye na sikio, na alisikie", inua macho uwatazame. Maneno hayo yamo katika kila moja ya zile barua saba, kisha yanarudi katika 13:9, katikati ya habari za mnyama, mahali ambapo akili za watu huwa zimeshahama.

Kama uko peke yako, wewe ndiye msomaji na wewe ndiye msikilizaji. Soma kwa mdomo, sauti itoke. Yule towashi wa Kushi alikuwa ameketi garini akijisomea Isaya, na Filipo alimsikia kwa sababu alikuwa anasoma kwa sauti (Matendo 8:30). Angesoma kimoyomoyo, Filipo angeuliza nini?

Hatua ya 2: Kisomeni chote kwa kikao kimoja

Hatua hii watu huikataa, nami huishikilia kuliko zote. Ufunuo una sura 22. Kwa mwendo wa kusoma usio na haraka, vyote ni kama saa moja na nusu. Tunakaa muda huo kutazama mpira bila kunung'unika.

Sababu ni kwamba kitabu hiki kina umbo ambalo halionekani ukikisoma vipandevipande. Ukikisikia chote utagundua mambo yanayorudi: saba za mihuri, saba za baragumu, saba za vitasa, kila mzunguko ukifika ukingoni kisha hadithi ikarudi nyuma na kusimuliwa upya kwa ukali zaidi. Utasikia nyimbo zikikatiza mapigo mara kwa mara. Utagundua wanawake wawili, kahaba wa sura ya 17 na Bibi-arusi wa sura ya 21, na kwamba malaika anayemwonyesha Yohana wote wawili ni mmoja wa wale wenye vitasa saba. Na kabla ya hofu yoyote utakuwa umepitishwa kwenye kiti cha enzi cha sura ya 4 na ya 5. Aliyeanzia sura ya 13 kwa sababu amesikia habari za 666 hajapita hapo, ndiyo maana analala vibaya.

Katika kikao hiki msieleze kitu. Maswali yaandikwe, yasijibiwe. Wekeni pumziko moja fupi mwishoni mwa sura ya 11, ambapo baragumu la saba limekwisha kulia.

Baada ya hapo ndipo mgawe. Mgao ambao umetufaa ni wa vikao vinane: sura ya 1 hadi ya 3, ya 4 na ya 5, ya 6 hadi 8:1, 8:2 hadi mwisho wa ya 11, ya 12 hadi ya 14, ya 15 na ya 16, ya 17 hadi 19:10, kisha 19:11 mpaka mwisho. Kama kuna watoto wadogo nyumbani, waanzieni na sura ya 1, 4, 5, 7, 21 na 22. Nzige wa sura ya 9 watawakuta wakikua.

Hatua ya 3: Vitabu vifungwe, masikio yafunguke

Katika kila kikao, mara ya kwanza msomaji asome na wengine wote wafunge Biblia zao, simu zikiwemo. Watu hulalamika. Wanasema wanataka kufuatilia. Waambie watafuatilia mara ya pili, kwa kuwa kila sehemu itasomwa mara mbili, na ya pili ndiyo ya kufungua na kukagua kama Waberoya (Matendo 17:11).

Nilijifunza hili kwa bibi mmoja katika kikundi chetu ambaye hakujua kusoma. Tulikuwa sura ya 5. Yohana analia kwa kuwa hakuonekana anayestahili kukifungua kile kitabu, na mmoja wa wazee anamwambia, "Usilie, tazama, Simba aliye wa kabila ya Yuda" ameshinda. Nikaendelea kusoma. Bibi akainua mkono.

"Mwanangu, hebu rudi. Kaambiwa simba?"

"Ndiyo, bibi. Simba wa kabila ya Yuda."

"Sasa mbona alipotazama kaona kondoo?"

Sisi tuliokuwa na macho kwenye karatasi hatukuwa tumeshtuka. Tunaijua aya, tumeiimba, tumepita juu yake mara mia. Yeye aliyekuwa na masikio tu ndiye aliyenasa. Na alikuwa amegusa kiini cha kitabu kizima: Yohana anasikia Simba, anageuka anaona Mwana-Kondoo amesimama kama amechinjwa. Ushindi wa Simba ni kuchinjwa kwa Mwana-Kondoo. Ukishalipata hilo utaliona tena sura ya 7, ambapo Yohana anasikia hesabu ya 144,000 kutoka kabila kumi na mbili (7:4), kisha anatazama anaona mkutano mkubwa ambao hakuna awezaye kuuhesabu (7:9). Anachosikia na anachoona vinaelezana.

Baada ya kusoma mara ya kwanza, uliza maswali mawili tu. Umesikia nini? Nini kimekushangaza? Swali la "hii maana yake nini" lizuieni mlangoni kwanza. Watu wana majibu tayari mfukoni, na majibu hayo ndiyo huziba masikio.

Mfano mwingine wa faida ya sikio ni ile orodha ya shehena za Babeli, 18:12-13. Ukisoma kwa macho utairuka, ni bidhaa tu. Ukiisikia inakulewesha: dhahabu, fedha, vito, lulu, kitani, hariri, pembe, shaba, chuma, marimari, mdalasini, iliki, uvumba, ubani, mvinyo, mafuta, unga, ngano, ng'ombe, kondoo, farasi, magari. Unaanza kusinzia kwa utajiri. Kisha, mwisho kabisa kwenye bei ya chini, "miili na roho za wanadamu". Msomaji akitua kabla ya maneno hayo, chumba kinapoa. Wafanyabiashara wa sura hiyo wanalia kwa kuwa hakuna tena anunuaye shehena yao. Hakuna hata mmoja anayelilia hao watu.

Hatua ya 4: Kiulize kitabu kabla hujamuuliza mtu

Sasa fungueni vitabu. Mkikutana na picha ngumu, tafuteni kwanza kama Ufunuo wenyewe umeifafanua. Mara nyingi umefafanua. Nyota saba ni malaika wa makanisa saba na vinara ni makanisa yenyewe (1:20). Uvumba ni maombi ya watakatifu (5:8). Joka ni Ibilisi na Shetani (12:9). Maji aketipo kahaba ni jamaa na makutano na mataifa na lugha (17:15). Kitani nzuri ya Bibi-arusi ni matendo ya haki ya watakatifu (19:8).

Pasipo na ufafanuzi, nendeni kwa manabii wa kale. Yohana hanukuu kama Mathayo anavyonukuu, hasemi "ili litimie neno". Anaongea kwa lugha yao tu, kama mtu aliyelelewa nyumbani mwao. Mnyama wa sura ya 13 mwenye mfano wa chui, miguu ya dubu na kinywa cha simba ametoka Danieli 7. Kiti cha enzi na wale wenye uhai wanne wamesimama juu ya Ezekieli 1 na Isaya 6. Mizeituni miwili ya sura ya 11 ni ya Zekaria 4. Nzige ni wa Yoeli, mapigo ni ya Kutoka, mto wa sura ya 22 ni wa Ezekieli 47 na bustani ya Mwanzo 2. Chagueni kifungu kimoja tu cha kale kwa kila kikao mkisome. Mkitaka vyote mtazama.

Kisha mazingira ya waliopokea. Irenaeus, mwalimu wa kanisa aliyeandika karne ya 2, anasema njozi hii ilionekana mwishoni mwa utawala wa Domitian, Kaisari wa Rumi aliyetawala hadi mwaka 96. Wako wataalamu wanaoiweka nyuma zaidi, karibu na zama za Nero. Kwa vyovyote ni watu walioishi chini ya Rumi, katika miji yenye mahekalu ya kumwabudu Kaisari. Pergamo ilikuwa na hekalu la namna hiyo tangu kabla ya Kristo, na ndiko Antipa alikouawa (2:13). Kwao kumsujudia mnyama kulikuwa jambo la mtaani kwao.

Laodikia ndiyo mfano ninaoupenda. Mwaka 60 mji ule ulipigwa na tetemeko la ardhi ukajijenga upya kwa fedha zake, bila kuomba msaada wa Rumi. Sasa soma 3:17, "mimi ni tajiri, nimejitajirisha, wala sina haja ya kitu". Wangeijua sauti yao wenyewe. Na ule uvuguvugu: tumezoea kuhubiri kwamba moto ni mzuri, baridi ni mbaya, vuguvugu ni katikati. Lakini Bwana anasema ingekuwa heri kama ungekuwa baridi au moto. Jirani zao Hierapoli walikuwa na chemchemi za maji ya moto, na upande wa Kolosai kulikuwa na maji baridi. Ya moto yanafaa kwa kitu, ya baridi yanafaa kwa kitu. Ya vuguvugu unayatema.

Kuhusu misimamo ya tafsiri nitasema kidogo. Wapo wanaoona mambo mengi ya kitabu yalitimia karne ya 1, wapo wanaoyaona yakipita katika historia yote ya kanisa, wapo wanaoyangoja yote mbele, na wapo wanaoyaona kuwa picha za kila zama. Waamini wa kweli wako katika makundi yote manne. Kikundi chenu kinaweza kuwa na wote, na heri ya 1:3 haikuwekewa sharti la kukubaliana kuhusu ile miaka elfu ya sura ya 20.

Hatua ya 5: Kusanyeni maagizo

Hapa ndipo nilipoibandua ile karatasi ya mishale. Nilichukua daftari nikasoma kitabu chote nikitafuta kitu kimoja tu: ni wapi msikilizaji anaambiwa afanye jambo? Kwa maana huwezi kushika baragumu. Unashika agizo.

Ni mengi kuliko unavyofikiri. Kumbuka ni wapi ulikoanguka, ukatubu, ukayafanye matendo ya kwanza (2:5). Usiogope mambo yatakayokupata (2:10). Kesha, ukayaimarishe mambo yaliyosalia, yanayotaka kufa (3:2). Shika sana ulicho nacho (3:11). Mcheni Mungu na kumtukuza (14:7). "Tokeni kwake, enyi watu wangu" (18:4). Msujudie Mungu, ambalo Yohana anaambiwa mara mbili, 19:10 na 22:9, kwa kuwa mara mbili alianguka miguuni pa malaika. Hilo la mwisho hunifariji. Mtume mzima, baada ya kuona yote yale, bado alihitaji kuambiwa jambo lilelile tena.

Kuna na maagizo yaliyojificha ndani ya maneno "Hapa ndipo". "Hapa ndipo penye subira na imani ya watakatifu" (13:10), na tena subira katika 14:12. Mnyama anaelezwa kwa mistari kadhaa, kisha ghafla kidole kinamgeukia msikilizaji: hapa, wewe, ndipo subira yako inapotakiwa. Weka alama kila unapoyakuta.

Daftari ligawe safu tatu: nilichosikia, nilichoagizwa, nitakachofanya na lini. Ile ya tatu ndiyo ngumu.

Hatua ya 6: Shika moja

Kwa kila kikao mtu achukue agizo moja, moja tu, na aliandikie siku na saa. Siyo "nitakuwa na upendo zaidi". Hilo halishikiki, linateleza kama kambare.

Nitakupa langu la mara ya kwanza. Tulikuwa kwenye barua ya Efeso, kanisa lililojua mafundisho, lililowajaribu mitume wa uongo, halafu likaambiwa limeuacha upendo wake wa kwanza. Nina kaka ambaye hatukuwa tumesemezana tangu mambo ya urithi. Nikaandika katika safu ya tatu: Jumamosi, saa nne asubuhi, kumpigia kaka. Jumamosi ilipofika nilizunguka na simu mkononi mpaka saa tano. Tuliongea dakika sita. Hatukugusa urithi, tuliongelea paa lake linalovuja na goti langu. Kikao kilichofuata nilipoulizwa, nilisema nimepiga. Hawakuuliza zaidi, na ndivyo inavyotakiwa: kila kikao kianze kwa dakika chache za kila mtu kusema alishika au hakushika, bila hotuba. Asiyeshika abaki na agizo lilelile wiki nyingine.

Mnaweza kuona ni kidogo mno kwa kitabu kinachozungumza habari za mbingu mpya. Lakini someni Ezekieli 33. Watu walikuwa wakimjia nabii, wakikaa mbele yake, wakifurahia. Alikuwa kwao kama wimbo mzuri wa mtu mwenye sauti ya kupendeza, "maana wasikia maneno yako, lakini hawayatendi". Walihudhuria vizuri sana.

Na someni Yeremia 36 kwa upande wa pili. Mfalme Yehoyakimu ameketi katika nyumba ya wakati wa baridi, makaa yanawaka mbele yake. Yehudi anamsomea gombo la Yeremia. Kila kurasa tatu au nne zikisomwa, mfalme anazikata kwa kijembe anazitupa motoni, hadi gombo lote likaisha. Alisomewa. Alisikia. Kisha Baruku akaandika gombo jingine, na maneno mengine mengi yakaongezwa.

Mitego michache njiani

Tarehe. Wafuasi wa William Miller huko Marekani walihesabu kutoka Danieli 8:14 wakangoja kurudi kwa Bwana tarehe 22 Oktoba 1844. Walikuwa watu wanyofu, na kulipokucha wengi walivunjika moyo vibaya sana. Mhubiri Harold Camping naye akatangaza 21 Mei 2011, nayo ikapita. Mathayo 24:36 na Matendo 1:7 viko wazi kwamba si juu yetu kuijua siku wala saa, na mtu akija kikundini na tarehe, mwambie kwa upole aiweke mfukoni.

Kumpachika jirani. Ni rahisi kumwona mnyama katika kila mtu tusiyempenda, au Babeli katika dhehebu la wenzetu. Zile barua saba zimewekwa mbele ya wanyama kwa makusudi, nionavyo mimi: kanisa linakaguliwa kwanza. Ukijikuta unalitumia kila agizo kwa mtu mwingine, rudi sura ya 2.

Kuongeza na kupunguza. Onyo la 22:18-19 ni kali, na wengi hudhani linawahusu wazushi wa mbali. Kuongeza ni pamoja na kusema "Ufunuo unasema" mahali ambapo ni video uliyotumiwa jana usiku ndiyo iliyosema. Kupunguza ni pamoja na kuruka sura ya 18 kwa sababu inagusa biashara yetu.

Hofu. Ikikushika, usijilazimishe kuendelea. Rudi 1:17, ambapo Yohana mwenyewe ameanguka kama mtu aliyekufa, na mkono wa kuume unawekwa juu yake: "Usiogope". Ndipo anaambiwa tena aandike. Na uchungu mwingine ni wa haki: katika sura ya 10 anapewa kitabu akile, kitamu mdomoni kama asali, kichungu tumboni. Kama sura fulani imekukaa vibaya tumboni wiki nzima, huenda umeila sawasawa.

Kikao cha mwisho

Danieli aliambiwa ayafunge maneno na kukitia muhuri kitabu (Danieli 12:4). Yohana anaambiwa kinyume chake: "Usiyatie muhuri maneno ya unabii wa kitabu hiki" (22:10). Kwa hiyo msikifunge na kukirudisha kabatini.

Katika 22:17 Roho na Bibi-arusi wanasema, Njoo, kisha imeandikwa, "Naye asikiaye na aseme, Njoo!" Ni mahali ambapo msikilizaji anapewa sauti. Msomaji atue hapo, na chumba kizima kijibu. Aendelee mpaka 22:21, aseme amina, na papo hapo amkabidhi kitabu atakayekuwa msomaji wa mzunguko ujao, ajue mapema, aanze kujizoeza krisopraso.

Kwetu bibi yule alikataa kukipokea, akasema macho yake hayajui karatasi. Lakini barua kwa Smirna alikuwa ameishika kichwani yote, tangu "Mambo haya ayanena yeye aliye wa kwanza na wa mwisho" mpaka mwisho wake, kwa kuisikia tu. Mzunguko wa pili, tulipofika 2:8, nilikaa chini, akasimama yeye.